Kamati ya harusi ikikupangia kazi, hapo ndo unajua mtaa unakuonaje

Mla Migebuka

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Nipo hapa Kigoma mjini, juzijuzi tumevunja kamati ya harusi ya mdogo wetu, mtoto wa baba mdogo, na tangu tuivunje kuna jambo linanizunguka kichwani nikaona bora nilimwage humu, maana wengi wenu mmekaa kwenye kamati za harusi kuliko mlivyokaa kwenye vikao vya kazini kwenu.

Hoja yangu ni hii. Mtu akikwambia wewe mpole au mkali au bahili unaweza ukabisha, na mara nyingi tunabisha. Ila siku ya kikao cha kwanza, pale mwenyekiti anaposema "haya jamani tugawane majukumu", hakuna anayekusifia wala kukusema, unapewa kazi basi. Na hawakuulizi. Jina lako linatoka mdomoni mwa shangazi mmoja pale pembeni kwenye mkeka na watu wote wanaitikia "enhee, huyohuyo" alafu katibu anaandika wanaenda kwa mwingine. Wamekuangalia miaka yote hiyo ukipita na mambo yako, kumbe walikuwa wanakupima.

Mi kila harusi napewa kufuatilia ahadi. Sio mweka hazina, mweka hazina ni mtu mzito anakaa na hela anaheshimika. Mi ni yule wa simu. "Kaka habari za siku, mzee anaendeleaje, watoto wamefungua shule, aah Mungu mkubwa, sasa kaka nilikuwa naulizia ile ahadi yetu..." Nina kaunta buku langu nimelichora mistari, jina, ahadi, katoa, baki. Lile safu la "baki" ndo kazi yangu duniani. Mtu kaahidi laki ya kadi ya watu wawili, katoa ishirini, amekaa kimya, ukipiga anapokea mkewe anasema baba fulani kaacha simu kwenye chaji.

Na Kigoma kufuatilia ahadi kuna elimu yake, wa mikoa mingine mnisamehe. Ukimpigia mtu wa Kibirizi au Katonga wakati wa mbalamwezi unajisumbua tu. Dagaa wanavuliwa kwenye giza kwa taa, mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa samaki hawafuati taa, watu wa vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa, wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Hela iko gizani. Lakini muda wa kuja kwenye shughuli wanao mbalamwezi. Kwa hiyo ahadi unadai giza na harusi unapanga mbalamwezi, ukigeuza hapo unapata wageni wasio na hela au hela zisizo na wageni. Hili nimelijua kwa kupiga simu, hakuna aliyenifundisha, na nimekuja kushangaa kwamba mi mtu wa ofisini nisiyejua hata kupiga kasia najua kalenda ya mwezi kuliko wavuvi wenyewe.

Sasa siku zote nilikuwa naamini napewa hii kazi kwa sababu nina uso mkavu. Yaani wameona huyu haoni haya, mtupeni huko. Ilikuwa inanikera kidogo kusema kweli. Harusi hii nikamuuliza shangazi yangu wa Ujiji, yule wa kwenye mkeka. Nikamwambia shangazi, kwanini kila siku mimi? Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua uso. Akasema "Wewe baba huombi chako. Sasa mtu asiyeomba chake, akija kuomba cha mwenzie, nani atamnyima?"

Nikakaa kimya. Maana ni kweli tupu. Mwaka huu huu nilikuwa nataka mdhamini kwenye kikundi chetu cha kukopeshana, mtu mmoja tu wa kuweka sahihi. Namba za watu ninazo, watu wananiheshimu, lakini nilikuwa nafungua simu naangalia jina naifunga. Mpaka tarehe ikapita. Alafu mtu huyohuyo niliyeshindwa kumwomba sahihi, nilimpigia saa mbili usiku kudai elfu themanini ya harusi na nikamwambia kabisa kaka usitufanyie hivyo. Sauti imetoka bila hata kikohozi!

Kwa hiyo kumbe sio uso mkavu. Ni kinyume chake kabisa, na mtaa wote unajua ila mimi. Na hapo ndo sielewi nifurahi au ninune, maana kama thamani yangu kwenye kamati inatokana na kutoomba changu, siku nikianza kuomba changu si watanitoa kwenye simu? Shangazi nilimuuliza na hilo, akaniambia niende nikalete kuni.

Haya nyie wenzangu, kwenye harusi mnapewa kazi gani na mmejigundua nini? Wale wa "harusi ni kupoteza hela" najua mnakuja, karibuni, viti vipo.

---

Hoja Kavu

Nipo palee nimekaa nasubiri michango ya watu wenye akili.

---

Mama Sufuria

Mleta uzi umenigusa penyewe. Mi ni jikoni. Tangu nimeolewa hapa Mwanga ya Kigoma sijawahi kumuona bibi harusi akiingia ukumbini kwa macho yangu, namuonaga kesho yake kwenye simu za watu, na wakati mwingine nanunua sare, nashona kabisa gauni la kitenge zuri, halafu linanukia moshi kabla halijapigwa picha hata moja.

Nyie mnaona pilau linakuja kwenye sinia mnasema "leo wamepatia". Hamjui usiku wa kuamkia shughuli kukoje. Wanawake tumekaa chini ya taa moja, nyungo kwa nyungo, mchele unarushwa unapepetwa, mawe pembeni, kuna anayesinzia na ungo mapajani, kuna mwenye stori za mume wa mtu, vitunguu vipo kilima kizima na wasichana wanalia machozi. Hapo ndo napita mimi. Na ninachowaambia hapo jamani siwezi kuandika chote. Kuna binti mmoja alikuwa anakata kitunguu taratibu kidole juu kwa sababu ya kucha, nikamwambia "we wa gauni la njano, hicho kitunguu unakikata au unakibembeleza?" Watu wakafa kwa kicheko, yule binti akaongeza mwendo mwenyewe.

Sasa nyumbani kwangu mi sio hivyo. Nyumbani ni "sawa baba nanihii", "kama unavyoona wewe". Hata bei ya kuku namwachia mume aseme. Siku hiyo mume wangu alikuwa ametumwa alete mkaa, kafika nyuma ya jiko kasimama na gunia begani ananisikiliza navyopanga watu, wewe moto punguza, wewe nyama hiyo irudi kwenye sufuria nimeiona, wewe toa mtoto hapa ataungua. Nilipogeuka nikamkuta ananiangalia kama hanifahamu. Usiku tumelala akaniuliza "kumbe ile sauti unayo?" Nikacheka tu.

Ila tangu siku hiyo akitaka kuuza kitu ananiuliza kwanza. Na mimi nikiulizwa hivyo sebuleni naishiwa maneno!! Nikishajifunga kibwebwe na mwiko mkononi naweza kuongoza hata mkoa, nikifungua kibwebwe tu narudi yuleyule. Sijui nikae nao mwiko mpaka chumbani.

Na nyama jamani. Kazi kubwa ya mpishi wa harusi sio kupika, ni kulinda nyama. Wale wenye vimfuko mnajijua.

---

Mla Migebuka

Mama Sufuria, hiyo ya kubembeleza kitunguu nimecheka mpaka watu wamegeuka. Heshima yako mama.

---

Hoja Kavu

Sawa nimesubiri vya kutosha. Niseme ukweli mchungu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa kwa msajili siku 21 kabla na siku yenyewe mashahidi wawili tu. WAWILI. Nikaha nayo, walii, mashahidi wawili, mahari ambayo ni haki ya binti mwenyewe, imeisha. Hata Mtume alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Hao watu mia tatu wengine mnawaalika ni mashahidi wa nini? Mnajigundua nini hapo zaidi ya kujigundua hamna hela?

Mimi kwenye kamati nimegundua kitu kimoja, watu wanakujua kwa mfuko wako. Mwaka ambao biashara ilikuwa imekaa sawa nilikaa meza kuu ya kikao, mwaka uliofuata nilipoahidi kidogo nikaambiwa "kaka sogea kule tupishe wageni". Huo ndo utu wetu Kigoma tusidanganyane.

---

Mla Migebuka

Hoja Kavu sibishi yote, hiyo ya kusogezwa ni kweli inatokea na inauma. Lakini mfuko sio wote. Nikupe mfano ninao kwenye kaunta buku.

2024 si unakumbuka ziwa lilifungwa, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu hakuna kipe hakuna mtumbwi wa kuvua. Na sisi tulishapanga harusi humohumo, kadi zimeshatoka, ahadi za watu wa mwaloni, yaani wavuvi, zimeshaandikwa. Hapo nikaambiwa piga simu. Nampigia nani? Mtu amekaa nyumbani, watoto wanataka kula, mi nimdai elfu hamsini ya keki?

Nilipiga hivyohivyo ila nilibadilisha swali, nikawa nauliza "wewe utakuja na nini?" Mmoja akaja na vijana wake wa kipe kufunga maturubai na kubeba maji, vijana ambao bwana kazi waliyoifanya siku ile ukiwalipa ni zaidi ya hiyo ahadi. Mwingine akasema mi nina taa. Nikajua anatania. Jioni kaja na jenereta yake na taa zake zote za kuvulia dagaa kazifunga kuzunguka uwanja wa nyumba. Uwanja ukawaka aisee, mnaona mpaka sindano chini. Wadudu nao wakaja wote wa Gungu, wanaangukia kwenye soda, bibi harusi mdudu kamuingia kwenye shela, lakini hakuna harusi iliyosemwa mwaka ule kuliko hiyo. Yule mzee wa taa alikuwa amekaa pembeni ya jenereta usiku kucha hataki mtu aiguse, kila mtu akipita anasema taa zako mzee, anajibu "zangu hizo".

Kwenye daftari pale kwenye "katoa" niliandika TAA. Mweka hazina alinuna kwamba nimemharibia hesabu.

---

Hoja Kavu

Hapo kwa mzee wa taa sina neno. Ila mia tatu bado ni wengi.

---

Binti Kasulu

Mi nimekuwa mpambe mara moja tu kwa rafiki yangu na sitaki tena hahaha. Ngoja niwaambie nilichogundua.

Ile siku nilikuwa na furaha ya kweli jamani, huyu tumesoma wote, tumelala godoro moja bwenini, mume aliyempata ni mtu mwema. Nimecheza mpaka nimevua viatu. Sasa mpiga picha kila dakika "dada wa pili kushoto, tabasamu kidogo". Natabasamu. "Dada wa pili kushoto, kidogo tu". Nipo natabasamu!! Nikasema huyu anatafuta namba yangu ya simu.

Picha zilipotoka sasa. Nimenuna kwenye zote. ZOTE. Ile ya keki naonekana kama nimekuja kudai. Ndugu wa bwana harusi wakaanza kuuliza chinichini yule dada ana ugomvi gani na bibi harusi, au yeye ndo alikuwa na bwana harusi zamani. Nimeenda nyumbani namuonyesha mama ananiambia "mbona ndo uso wako huo tangu unazaliwa, ulitoka umenuna, nesi akacheka".

Tangu nizaliwe mama hakuwahi kuniambia!

Nikarudisha mawazo nyuma. Mi nauza vitenge sokoni, hivi vya kutoka Kongo. Mwenzangu wa meza ya pili mzigo uleule bei ileile yeye anauza mi nabaki nakunja. Miaka yote nimesema ni nafasi, kwamba yeye yuko karibu na njia. Kumbe watu wanaona sura wanapitiliza. Siku hizi mtu akiwa bado mbali naanza mimi, karibu dada, karibu mama, shikamoo mama, vipya vimeingia jana. Sura siwezi kuibadilisha ila mdomo naweza kuutanguliza. Mauzo yamepanda kiasi fulani, sitasema kiasi gani kuna watu wa vikoba humu.

---

Kijana wa Bangwe

Uzi bila picha ni majungu, dada tuma moja tuone hiyo kununa

---

Binti Kasulu

Ndo ilivyo sasa hivi nimenuna hivyohivyo.

---

Mzee Ujiji

Wanangu nawasoma. Vijana mnaongelea kamati, sisi wengine kamati zimetukuta tumeshazeeka. Mimi nilikuwa mshenga.

Nilitumwa kuposa kusini huko, mwambao wa ziwa hilihili upande wa mkoa wa Rukwa, enzi Liemba inatembea vizuri. Meli ile aliijenga Mjerumani 1913, na wakati huo ilikuwa ndo barabara yetu, mpaka Mpulungu Zambia. Sasa vijiji vingi kule havina gati, meli inasimama majini, mitumbwi inaikimbilia, watu na mizigo na mbuzi vyote vinateremkia humo, kelele tupu, usiku. Mimi nimevaa kanzu na koti la heshima, barua ya posa na kishika uchumba nimevifunga kwenye nailoni ndani ya kifua. Kushuka mguu mmoja uko kwenye mtumbwi mmoja uko melini, mtumbwi ukasogea. Barua ilipona. Mimi nilifika kwa wakwe nimelowa kama kuku wa mvua.

Mzee wa binti akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akawageukia wenzake akasema "kwani huko kwao hawana watu wakavu?" Watu wakacheka mpaka watoto. Nami nikacheka nao. Tukakaa, nikasema neno lililonileta, wakanitoza na faini ya kulowesha mkeka. Nikalipa.

Sasa nyie mnaonijua hapa Ujiji mnajua mimi sio mtu wa kuchezewa. Kwa shamba la marehemu baba yangu nimekaa na ndugu yangu hatusemeshani kwa maneno madogo kuliko hayo. Ingekuwa naposa wa kwangu ningerudi kwenye mtumbwi palepale na maji yangu. Lakini nilikuwa nimebeba neno la mtu, na tusi lile halikunikuta mimi, lilinipita hewani. Kwa hiyo mwanangu Mla Migebuka hilo lako la simu mimi nalifahamu, lilinikuta kabla hujazaliwa.

Na niwaonye wanaokubali kazi hii. Kamati mnavunja, mshenga havunjwi. Wale wameshazeeka sasa wana wajukuu, na wakigombana mpaka leo mama anampigia mjukuu "hebu kamuite yule aliyekuja amelowa".

---

Mla Migebuka

Mzee Ujiji shikamoo. Nimesoma mara mbili.

---

Mtoto wa Isevya

Habari kutoka Tabora. Huku kwetu mwezi hatuuangalii, tunaangalia tumbaku. Mkulima wa Urambo au Kaliua akishauza na kulipwa ndo ahadi zinatembea, kabla ya hapo hata ukienda na polisi. Kwa hiyo harusi zinarundikana msimu mmoja mpaka mtu unagawana na mkeo, wewe nenda hii mi niende ile.

Ila nilichokuja kusema ni kingine na kinaniumaga. Mimi kila kamati ni MJUMBE. Sio katibu, sio usafiri, sio chakula, sio mapambo. Wakimaliza kugawa majukumu yote wanasema "na hawa wengine ni wajumbe", hapo ndo nipo. Kama alichosema mleta uzi ni kweli kwamba kazi ndo picha yako basi mimi sina picha.

---

Mama Sufuria

Mwanangu wa Isevya subiri nikuulize. Siku ya harusi unakuwaga wapi na unafanya nini? Usiniambie umekaa.

---

Mtoto wa Isevya

Hapana sikai mama. Viti vikipungua nafuata, kama kuna mgeni wa treni ya usiku naenda stesheni, maana treni za huku zikichelewa zinachelewa na si unajua hapa ndo njia panda ya Mwanza na Kigoma mtu akipitiwa na usingizi anaamkia kwenu huko. MC akikauka namletea maji. Mwisho nabaki na wale wa kuhesabu kreti za soda kwa sababu wenye soda wanataka chupa zao zitimie. Juzi tulitimiza mpaka moja iliyokuwa chini ya gari la maharusi.

---

Mama Sufuria

Sasa wakikuandika usafiri hizo chupa atahesabu nani? Wanakuacha wazi makusudi mwanangu. Mi jikoni nikipata mmoja wa hivyo simtaji jina kwenye kikao, nitaibiwa na watu wa mapambo.

---

Mtoto wa Isevya

Mama hayo umeyasema kwa wema. Ila wangeandika tu hata mara moja.

---

Kigoma Yangu Dar

Nyie mnapangiwa kazi, sisi wa mbali tunapangiwa namba ya kutuma. Nipo Dar mwaka wa ngapi sijui, makundi ya WhatsApp ya harusi za nyumbani ndo yanayojaza simu yangu, asubuhi unaamka kuna ujumbe "ndugu zetu wa Dar hatujawasikia". Hatuulizwi tunaweza nini. Nimegundua nyumbani mi ni pochi.

---

Mama Sufuria

Na wewe mara ya mwisho kuja ni lini? Kazi ya jikoni haitumwi kwa simu.

---

Kigoma Yangu Dar

Nilikuja mama, usinihukumu. Nilichukua likizo nikapanda treni siku mbili nikasema safari hii nakuja kufanya kazi. Harusi ya binamu yangu, Mwandiga. Nimefika nimekunja mikono ya shati nimesogea kwa vijana wanaopanga viti, mmoja akaninyang'anya kiti mkononi, "braza kaa tu, umechoka na safari". Nikaenda jikoni nikaambiwa shemeji huku kuna moshi. Nikaenda kwa wazee wakanipisha sehemu ya kivulini. Mwisho nikawekwa mstari wa mbele nikaletewa soda ya baridi ya kwanza kabisa, kabla hata ya upande wa wakwe, na sahani yangu ikafunikwa kivyake. Watu wananisalimia kwa heshima kubwa. Nikakaa pale nimeshika ile soda, pande zote ndugu zangu wanapita mbio na masufuria wanatukanana wanacheka.

Kwa hiyo usidhani napenda kutuma hela tu.

---

Binti Kasulu

Duh. Hii imenifanya ninune kweli sasa.

---

Mla Migebuka

Mkuu wa Dar, samahani kwa niaba ya daftari. Ukija tena niambie siku moja kabla, nitakupa nusu ya majina ya "baki" uzunguke nayo kwa miguu, Mwanga yote mpaka Buzebazeba. Watu wakikuona umetoka Dar unadai ahadi mlangoni kwao watatoa kwa mshtuko, na soda ya baridi hakuna mtu atakupa hapo nakuhakikishia.

---

Kigoma Yangu Dar

Nimekubali. Weka jina langu.

---

Mwenyekiti Mtarajiwa

Wakuu samahani naingilia, nina shida ya haraka. Kuna harusi ya binti wa jirani yetu, kikao cha kwanza Jumamosi baada ya alasiri, na nimenong'onezwa kwamba wanataka kunipa uenyekiti. Mi sitaki, kazini nipo kwenye ukaguzi na nyumbani nina ujenzi. Nikatae vipi bila kuonekana najivuna?

---

Hoja Kavu

Waambie mashahidi wawili wanatosha.

---

Mzee Ujiji

Usiseme huna nafasi, nani anayo. Wakitaja jina lako shukuru, alafu palepale mtaje mtu mwingine kwa jina na sababu, kabla hawajaanza kukubembeleza. Ukiwaachia wabembeleze umekwisha.

---

Mama Sufuria

Na asinitaje mimi, jikoni hakuna mtu.

---

Mwenyekiti Mtarajiwa

Asante mzee. Sasa nimtaje nani jamani, ndo tatizo, kila ninayemfikiria namwona ana shughuli kuliko mimi.

---

Mzee Ujiji

Basi wewe ndo mwenyekiti mwanangu, pole.

---

Mla Migebuka

Hahaha umekamatwa. Kama watu wenu wengi ni wa mwaloni, ahadi ziandikeni Jumamosi hiyohiyo na simu zianze Jumatatu, giza linaingia wiki ijayo.